Kabla ya kumwokea mbwa, fungua gunia

Ikiwa una mtoto wa gredi ya tatu nyumbani, unajua kwamba likizo ya Desemba haianzi siku shule zinapofungwa. Huanza siku mtoto anapokujia na jambo lake na kukuganda nalo kama kupe mpaka usalimu amri. Mwaka jana jambo la kijana wangu lilikuwa mbwa.

Tulikuwa katika supamaketi moja hapa Nairobi tukinunua vitu vya kupeleka nyumbani Mukuyuni kwa sikukuu. Mwenzangu akapotea. Nilimkuta mbele ya rafu ya vyakula vya wanyama, ameshika kipakiti chenye picha ya mbwa mweupe aliyefungua kinywa kama anayecheka. Ndani mlikuwa na vijipande laini vya rangi ya kahawia, vitafunio vya mbwa vilivyookwa kwa matunda na mboga.

"Mama, tumpelekee Simba Krismasi yake."

Simba ni mbwa wa mama yangu. Nikatazama bei. Kwa pesa hizo ningenunua mkate, pakiti mbili za maziwa na nyanya za wiki nzima, na kipakiti chenyewe kilikuwa cha kuisha kwa dakika tano. Nikakirudisha rafuni. Lakini dada yake, ambaye husoma kila kitu kilichoandikwa, hata maneno ya nyuma ya kiberiti, alikuwa amekwisha kuipitia orodha ya vilivyomo.

"Mama, hivi ni unga, malenge, karoti, tofaa na yai. Kwa Susu vyote vipo, isipokuwa tofaa. Na maembe yapo."

Baada ya hapo sikuwa na pa kutorokea.

Kwa wasiopajua, Mukuyuni ipo katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara inayotoka Machakos na kupitia Kola kuelekea Wote. Jina hilo linatokana na mti wa mkuyu, ambao sisi Wakamba twauita mukuyu. Ukifika huko Desemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri, utadhani wanaosema Ukambani ni jangwa hawajawahi kutoka mjini. Mbaazi zimesimama, ndengu zinakaribia kuvunwa, malenge yametambaa hadi uani, na maembe yanadondoka mengi kuliko watoto wanavyoweza kuyala. Kila boma huwa na maembe wakati uo huo, kwa hivyo mnunuzi akija hutaja bei ya kusikitisha, na mengi huishia kuozea chini ya miti.

Simba alitupokea kwa kubweka kutoka mbali, kama ilivyo kawaida yake. Ni mbwa wa kahawia, wa kimo cha wastani, ambaye hajawahi kupimwa uzito lakini nakisia ana kilo 15 hivi. Hulinda boma usiku na mchana hulala chini ya ghala. Hula kinachobaki: ukoko wa ugali, isyo zilizochacha, mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Mkono wa mtu anaujua kwa mambo mawili tu, kurusha makombo na kurusha jiwe. Kumshika hashikiki.

Mama alipoelezwa kilichotuleta na mabegi ya trei na karoti, alicheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya leso. Kisha akauliza swali ambalo nawe msomaji huenda unaliuliza sasa hivi.

"Mbwa akiokewa keki, watu watakula nini?"

Ni swali la haki. Mimi mwenyewe nisingeandika makala ya kumwokea mbwa kama hoja ingekuwa kumdekeza. Lakini nilikuwa na hoja yangu, nayo ni hii. Mwaka mmoja uliotangulia, madaktari wa mifugo walipokuja sokoni kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa, Simba aliona kamba mikononi mwa ndugu yangu akachomoka kama mshale. Alirudi jioni, baada ya madaktari kuondoka. Akabaki vivyo hivyo bila chanjo, na watoto wangu wakacheza naye likizo nzima.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyiwa mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Ili ugonjwa ukomeshwe mahali, asilimia 70 ya mbwa wa mahali hapo inapaswa kuchanjwa, na ndiyo sababu Kenya ilianzisha mwaka wa 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Mipango hiyo yote ni bure ikiwa mbwa wenyewe hawashikiki. Mbwa aliyezoea kupokea kitu kitamu mkononi hukujia ukimwita. Ndiyo kazi ya kitafunio: si mlo, ni mwaliko.

Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, okeni. Lakini unga wangu wa watu msiuguse. Kuna mahindi ya Simba pale ghalani."

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo habari yenyewe ilipoanzia.

Mahindi hayo yalikuwa gunia moja karibu lijae. Mvua ya Novemba ilikuwa imepenya kwenye bati lililolegea na kulilowesha upande mmoja. Mama, ambaye hajawahi kutupa kitu maishani mwake, alikuwa ameyachambua yaliyo mazuri akayaweka kando, na yaliyobaki akayatenga kwa ajili ya mbwa na kuku. Nilipolifungua gunia nikakutana na harufu ile ya ukungu inayokwama kooni. Punje nyingine zilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, nyingine zimeshikamana. Nikasema moyoni, na ninakiri bila kuficha: si kitu, ni ya mbwa, tena yatasagwa, yachanganywe na malenge na embe, yaokwe hadi yaive. Moto utaua chochote kilichomo. Nikamwita binti yangu alete ndoo tuyapeleke kwenye mashine ya kusaga.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui ni harufu iliyomfikia au ni kule kuniona nikiyachota. Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake:

"Mwaka ule njiwa ndio walioanza."

Tukamtazama.

"Njiwa walianguka. Kisha mbwa. Kisha tukaanza kusikia za watu. Upande ule wa Makueni. Nilikuwa mke mchanga hapa." Akanyamaza. "Na mimi nimempikia Simba ugali wa gunia hilo wiki nzima."

Nilijua kwa jumla habari za mahindi yenye sumu huku kwetu, lakini habari ya njiwa na mbwa sikuwa nimewahi kuisikia. Niliporudi Nairobi sikutulia mpaka niitafute, nami nikaipata katika jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, la mwaka wa 1982. A. Ngindu na wenzake walieleza humo jinsi mwaka wa 1981, katika Wilaya ya Machakos ya wakati huo, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wagonjwa 20 walivyopatwa na maradhi makali ya ini na 12 kati yao wakafariki. Mahindi yaliyokuwa yakiliwa katika nyumba zilizoathirika yalipopimwa, yalikutwa na hadi maikrogramu 12,000 za sumu katika kilo moja. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Kenya hii leo ni maikrogramu 10. Na kabla ya watu kuanza kuugua, njiwa wengi walikuwa wamekufa katika eneo hilo, wakifuatiwa na mbwa waliokuwa wakishiriki chakula cha nyumba hizo.

Mama yangu, ambaye hajawahi kulisikia jarida hilo, alikuwa ameyahifadhi kichwani kwa mpangilio uo huo.

Sumu yenyewe huitwa sumukuvu, au aflatoksini kama wanavyoiita wataalamu. Hutengenezwa na kuvu wa aina ya Aspergillus ambao hupenda joto na unyevu, na ambao huingia katika mahindi, njugu, mtama na nafaka nyingine zisipokaushwa sawasawa au zikilowa baada ya kukaushwa. Mahindi yanayowekwa ghalani hayapaswi kuwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Likivuja bati mara moja tu, hesabu hiyo huharibika. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na ambalo mimi nilikuwa nimelisahau pale ghalani, ni kwamba moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Kuvu atakufa, lakini sumu aliyokwisha kuitoa hubaki katika unga, hubaki katika ugali, na ingebaki katika vitafunio vya Simba hata kama vingeoka mpaka viwe mkaa.

Mwaka wa 2004 msiba ulirudi, safari hii mkubwa zaidi. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Wasomaji wa umri wangu walikuwa shuleni wakati huo na wanakumbuka walimu wakikagua mahindi ya chakula cha mchana. Wala usidhani kwamba ni balaa la watu wa ghala za matope. Mwezi wa Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, yaani KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi wa pakiti kwa sababu hii hii. Huko Marekani nako, mwishoni mwa 2020, chakula kikavu cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi kiliondolewa madukani, na kufikia Januari 2021 idara yao inayosimamia vyakula na dawa ilikuwa imepokea taarifa za vifo vya zaidi ya mbwa 100. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii. Hula kitu kimoja siku baada ya siku, na ini lake ndilo hubeba mzigo wote.

Basi siku ile badala ya kuoka tulimkagua Simba. Kijana wangu alimvuta kwa kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, mimi nikainua mdomo wake wa juu nikiwa natetemeka, maana meno yale si ya mzaha. Ufizi ulikuwa wa waridi, macho meupe. Mbwa aliyepatwa na sumukuvu hukataa chakula, hutapika, hulala tu bila hamu ya lolote, na baadaye ufizi na macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi, choo huweza kuwa na damu. Ukiona hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo, kisha rudi nyumbani ukakitazame chakula mnachokula ninyi wenyewe. Simba hakuwa na dalili hata moja. Sisemi kwamba aliponea chupuchupu, kwa sababu mahindi yale hatukuyapima, na si kila ukungu huwa na sumu hiyo. Lakini hutaki kuujua ukweli wake kwa kumtumia mbwa kama kipimo.

Gunia nalo lilitugombanisha. Kulimwaga ni rahisi kwa mtu wa mshahara. Kwa mama ilikuwa ni jembe la msimu mzima. Akapendekeza kuku peke yao. Nikamwambia kuku wakila, sumu hupunguza mayai na kuwadhoofisha, na ng'ombe akila, nyingine hupita hadi kwenye maziwa anayoyanywa mjukuu. Hakujibu. Lilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilisikia koleo, nikatoka nikamkuta akilifukia nyuma ya choo cha zamani, peke yake, bila kuniita. Sikusema neno. Nilichukua koleo la pili.

Sasa tuje kwenye kuoka, maana najua kuna kijana mahali fulani anayeisoma safu hii huku ameshika mwiko.

Unga tulinunua dukani, ule wa ngano ya kahawia ambao haukukobolewa. Ukitumia wimbi au mtama ni sawa, mradi uwe umeujua ulikotoka na uwe mkavu, usionuka. Vikombe viwili vinatosha. Chemsha malenge, uyaponde mpaka upate kikombe kimoja na nusu, nayo yawe makavu kidogo, yasiwe uji. Menya embe lililoiva, uponde nyama yake upate nusu kikombe. Paruza karoti moja. Ongeza yai moja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Chumvi usitie, sukari usitie, wala hamira usitie, kwa sababu donge lenye hamira likiliwa bichi hufura tumboni mwa mbwa na kumletea balaa. Kanda hadi upate donge laini linalonata kidogo, laini kuliko la chapati. Likikushinda kwa kunata, nyunyiza unga. Kama huna malenge, viazi vitamu ni vizuri vile vile, na ndizi mbivu inaweza kusimama mahali pa embe.

Sukuma donge unene wa kidole, ulikate vipande vidogo vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Utapata kama 60 hivi, kulingana na mkono wako. Walio na oveni waoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 20, hadi vishikane juu lakini vikibonyezwa vibonyee. Ukivizidishia moto vitakuwa vigumu kama vya dukani vya kusafishia meno, na mbwa mzee au mtoto wa mbwa hatavifurahia.

Kwa mama hakuna oveni. Tulichukua sufuria kubwa nzito, tukamwaga mchanga mkavu chini, tukaifunika juu ya jiko la makaa kwa dakika kumi ipate joto. Sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na yenye vipande vyetu ikaingia ndani juu ya mchanga, kifuniko juu, na juu ya kifuniko makaa machache. Dakika 25 baadaye harufu ilikuwa imewatoa watoto wa majirani vichakani. Mmoja akauliza keki ni ya nani. Alipoambiwa ni ya Simba alitutazama kama watu walioharibikiwa, kisha akaomba kimoja. Akala. Akasema haina sukari. Akaomba kingine.

Na Simba? Cha kwanza kilitupwa chini, akakinusa, akakigeuza kwa pua, akakimeza bila kutafuna. Cha pili kiliwekwa kiganjani mwa kijana wangu, mkono umenyooshwa, uso umegeuzwa pembeni kwa hofu. Mbwa alisimama hatua tatu. Akarudi nyuma. Akaja tena. Ilichukua muda ambao mimi ningeweza kuosha vyombo vyote. Hatimaye alikichukua kwa ncha ya midomo, taratibu kabisa, akakimbia nacho hadi chini ya ghala. Kijana wangu hakuuosha mkono ule mpaka nilipomshurutisha, ingawa kuuosha ni lazima.

Mbwa wa ukubwa wa Simba asipewe zaidi ya vitatu au vinne kwa siku. Madaktari wa mifugo hushauri kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote cha siku, na mlo wenyewe ubaki kuwa mlo: nafaka safi, nyama au dagaa au mayai, ndengu zilizopondwa, na maji. Mbwa wadogo wa nyumbani, hawa wanaofugwa sana siku hizi katika mitaa ya Nairobi na Mombasa, wagawiwe nusu au kimoja tu. Watoto wenu watabisha. Msiwasikilize.

Yapo pia ambayo hayapaswi kuingia katika donge hata kwa bahati mbaya, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kila siku bila hata kuoka. La kwanza ni kitunguu, pamoja na kitunguu saumu, kiwe kibichi au kimepikwa, kwa sababu huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Fikiria ni mchuzi gani wa Kenya usio na kitunguu, kisha ufikirie ni mbwa wangapi huishi kwa mchuzi. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuziua figo. Chokoleti ni sumu kwake. Mbegu za tofaa zitolewe zote. Embe ni salama, lakini kokwa lake likimezwa huziba utumbo, na yale maembe yaliyochacha chini ya mti yana kileo ndani yake, kwa hivyo usidhani unamsaidia mbwa kwa kumwokotea. Kokwa la parachichi nalo ni vivyo hivyo, na tunda lenyewe si la kumzoesha. Muhogo mchungu, hapana kabisa. Siagi ya njugu, ambayo wengi huipenda katika vitafunio vya mbwa, nimeiacha makusudi: njugu na sumukuvu ni marafiki wa siku nyingi, na aina nyingine za kutoka ng'ambo zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambacho huweza kumwangusha mbwa kwa muda mfupi tu.

Halafu kuna suala la kuweka. Vitafunio laini ni laini kwa sababu vina maji, na penye maji kuvu hachelewi. Katika joto la Makueni tulivila, samahani, alivila kwa siku mbili, na vilivyobaki siku ya tatu vikaenda shimoni. Kwenye friji vitakaa siku tano. Ukiwa na friji ya kugandisha, viweke humo kwa mafungu madogo. Kikionyesha hata doa moja la kijani au cheupe, usikikwangue. Kitupe pamoja na wenzake waliolala chombo kimoja.

Binti yangu aliandika hayo yote kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, akaibandika kwenye mlango wa ghala. Juu kabisa, kabla hata ya unga, aliandika: NUSA GUNIA. Bati nalo lilipigiliwa misumari siku iyo hiyo, jambo ambalo lingepaswa kufanyika Oktoba, lakini sisi tunaoishi mjini huwa tunakumbuka mabati ya wazazi wetu tunapolala chini yake.

Machi mwaka huu mama alinipigia simu. Chifu alikuwa ametangaza siku ya chanjo sokoni. Alikuwa ameamka mapema, akaoka katika sufuria ya mchanga, akafunga vipande vinane katika pembe ya leso. Simba alimfuata njia nzima pua ikiwa kwenye leso, bila kamba, na mbwa wawili wa jirani wakamfuata Simba. Daktari alipoinua sindano, mama akafungua fundo. Mbwa wa jirani nao walitulia wakisubiri zamu, ikabidi mtoto atumwe mbio kumwita mwenyewe aje aandikishwe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekusudia kuwaleta.

"Malenge yameisha," akaniambia. "Nilitia ndengu. Wamekula tu. Sasa yule daktari ananiuliza nilitia nini, na mimi sijui niseme nimejifunzia wapi, kwa mjukuu au kwa supamaketi."